Paa Langu, Paa la Jirani

Mwaka jana nilikarabati paa la nyumba yangu kwa mkopo wa benki. Nyumba haina hati; kilichokuwa dhamana ni mshahara wangu. Jirani yangu, mama lishe, ana paa bovu zaidi, na anayo leseni ya makazi inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Benki aliyoiendea iliikataa: muda wake mfupi, naye hana mwajiri. Sasa anaezeka kwa fedha za upatu, bati baada ya bati. Tangu 2004 MKURABITA inahubiri kwamba urasimishaji utageuza mali za wanyonge kuwa mtaji. Ndugu msomaji, karatasi isiyopokelewa benki si mtaji. Serikali iliyoitoa ndiyo ipaswayo kuidhamini. La sivyo, tutakaoendelea kukopesheka ni sisi tunaolipwa nayo.