Masega, Mngurumo na Kompyuta ya Subaru

Wadau, leo naomba tuiache siasa ipumzike tuongelee ekzosi. Najua kuna watakaocheka. Lakini kaa kijiweni jioni yoyote na vijana wenye magari hapa Dar, utasikia mada mbili tu: mpira, na Subaru ya nani inanguruma zaidi. Na kwenye hiyo ya pili kuna uongo mwingi unaouzwa kwa bei ya juu.

Shemeji yangu ana Impreza yenye tabo. Majuzi kajinyima, kaagiza manifodi mpya ya ekzosi, zile wanazoita heda, pamoja na masega mapya yanayopitisha moshi kwa wepesi. Akaniomba nimsindikize gereji, maana "nyie waandishi mnajua kuuliza maswali, shem". Gereji yenyewe ni bubu, chini ya mwembe, sitaitaja. Fundi akavigeuza vile vifaa mkononi, akasema: "Heda tutafunga, bosi. Ila masega ya nini? Tukate, tupitishe bomba tupu. Gari litaruka." Na taa ya injini ikiwaka? "Hiyo balbu tunaitoa."

Nikamuuliza kajifunza wapi. Kwa mwalimu wake, akasema, miaka ya tisini.

Jamani, huyo mwalimu hakuwa mjinga. Petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi, na risasi inafunika madini yaliyopakwa ndani ya masega (platinamu, paladiamu, rodiamu) mpaka yanakuwa tofali tu la kuziba moshi. Gari likitoka Japani na masega yake, baada ya muda lilikosa pumzi, na kuyakata ilikuwa tiba kweli. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondoka. Sababu ikaondoka, msumeno ukabaki. Wakati huo huo mtoto wa shemeji anakaa kiti cha nyuma kwenye foleni ya Mwenge, na kazi ya masega ni kuichukua kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu, na kuigeuza kabla haijatoka nje. Shemeji akasema masega yanafungwa. Fundi akaguna, akafunga.

Sasa hapo ndipo wengi wanapoishia. Vifaa vimefungwa, hela imelipwa, twende barabarani. Mimi nasema hapo kazi imefika nusu.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Heda nzuri inaipa kila silinda bomba lake, kwa urefu unaolingana, ili pigo moja likiondoka liache mvuto nyuma yake wa kusaidia linalofuata. Ule mngurumo maarufu wa Subaru, kwa taarifa yako, unatokana na mabomba yasiyolingana urefu. Ukiyasawazisha, moshi unapita vizuri zaidi na mngurumo unakwenda zake. Hilo shemeji hakuambiwa dukani, na siku ya kuwasha gari uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuziwa jogoo asiyewika.

Kubwa zaidi ni kompyuta ya injini. Yenyewe inapima hewa inayoingia na kuamua petroli ya kunyunyiza. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi inaisahihisha, ikilenga karibu sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito, na hapo ndipo masega nayo hufanya kazi vizuri. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa, inafuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo halijui kwamba umebadilisha ekzosi. Tena kwa gari la soko la Japani lenye tabo, huenda liliandikwa kwa petroli ya okteni 100, ambayo vituo vyetu vingi havina. Ukifungua njia ya moshi, tabo inazunguka kirahisi na presha inaweza kupita iliyokusudiwa. Hewa inazidi, petroli haitoshi, joto linapanda, injini inaanza kugonga. Pistoni ya alumini haivumilii hayo muda mrefu. Kwenye gari lisilo na tabo hatari ni ndogo, na faida pia ni ndogo; usidanganywe na anayekuahidi miujiza kwenye injini ya kawaida.

Tukamtafuta kijana mmoja mwenye laptopu, na sensa pana inayosoma mchanganyiko halisi hata gari likiwa limekanyagwa. Kabla ya kugusa jedwali alisoma marekebisho ya mafuta: kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 18. Akavikagua viungio kimoja kimoja. Kumbe mchomeleo mmoja kabla ya sensa ulikuwa na tundu. Hewa ya nje inanyonywa humo, sensa inadhani petroli ni chache, kompyuta inamwaga zaidi, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka yanayeyuka. Masega mapya hayo! Kijana akakataa katakata kutyuni mpaka tundu lizibwe. Nilimpenda kwa hilo.

Baada ya kuziba, marekebisho yalishuka hadi asilimia 4. Ndipo akaanza: presha akairudisha kwenye kiwango, petroli akaiongeza pale gari linapokanyagwa hadi mchanganyiko ukakaribia 11 kwa 1, cheche akazichelewesha kidogo kulingana na petroli yetu. Kazi ya siku nzima, na malipo yake yalikaribia bei ya zile heda. Shemeji alilalamika njia nzima kurudi, kisha tulipofika barabara nyeupe akakanyaga, akanyamaza.

Masega ya zamani tuliondoka nayo. Yapo kwenye kiroba chini ya kitanda chake, na yule fundi wa kwanza, aliyesema hayana maana, amekwishapiga simu mara mbili kuulizia bei.