Kopo la Unga Mweupe

Tumbo langu lilianza kunisumbua mwaka 2017, baada ya kuugua kuhara damu. Vijidudu vilikwisha, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Kila nikila lilininyonga, hata nikawa najua choo cha kila msikiti na kila stendi ya mabasi mjini kwetu. Baada ya vipimo daktari aliniambia kuwa utumbo wangu unachokozeka upesi: hauna kidonda wala uvimbe, ila umekosa utulivu. Alisema hali hii huwapata baadhi ya watu baada ya maradhi kama yale yangu.

Mwaka 2021 mwanangu aliniletea kopo la glutamini. Hii ni mojawapo ya asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Mwili huitengeneza wenyewe, na tunaipata pia katika nyama, samaki, mayai na maharage. Kwa seli za ukuta wa utumbo mwembamba, glutamini ni kama kuni za jikoni. Mwanangu alikuwa amesoma utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019. Watu 54 walipewa gramu 5 mara 3 kwa siku, wiki 8, na 43 kati yao wakapata nafuu kubwa. Kati ya wengine 52, waliopewa unga wa kulinganishia, walikuwa 3 tu.

Nilikunywa, nikapata nafuu. Lakini siku zilezile nilikuwa nimeacha vitunguu na maharage, tena nimestaafu, nalala vizuri. Ni kipi kilichonisaidia? Sikujua. Hata hivyo mdomo wangu ulijifanya unajua, nikausifu unga ule barazani kila jioni.

Jioni moja rafiki yangu, fundi cherehani, alininong'oneza: "Mwalimu, na mimi tumbo halinipi raha." Sikumuuliza tangu lini. Sikumuuliza kama amekonda, ingawa kanzu yake ilikuwa ikimning'inia mbele ya macho yangu. Nilimgawia nusu kopo, nikajiona mwema.

Alikunywa miezi 2. Kumbe alikuwa akitokwa na damu chooni na kuona haya kusema. Alipofikishwa hospitali alikutwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Alipasuliwa, na namshukuru Mungu kwamba yu hai. Lakini ile miezi 2 aliipoteza kwa kuniamini mimi.

Nikarudi kuusoma utafiti ule, safari hii kwa makini. Wale watu 106 hawakuokotwa barabarani. Kila mmoja alianza kuugua baada ya maambukizo ya tumbo, alikuwa wa aina ya kuhara, na kipimo kilionyesha kuwa ukuta wa utumbo wake unavuja. Rafiki yangu hakuwa mmoja wao. Unga haukudanganya, niliyekosea ni mimi niliyeugawa bila kuuliza.

Sasa mtu akinilalamikia tumbo, namuuliza: Unaona damu? Umepungua bila sababu? Maumivu yanakuamsha usiku? Akijibu ndiyo hata mara moja, navaa viatu, namsindikiza hospitali.

Rafiki yangu hajanilaumu hata siku moja. Mwaka jana alinishonea kanzu, akakataa malipo. Naivaa kila Ijumaa, na kila Ijumaa nayakumbuka maswali ambayo sikumuuliza.