Inazimika au Inajizima?

Fundi wa kompyuta ninayemwendea mjini Musoma hana subira na mtu anayetaja kipuri kabla ya kutaja ugonjwa. Jumamosi ile nilifika dukani kwake nikiwa nimeipakata mashine mapajani tangu Nyegina, mithili ya mzazi anayepeleka mtoto kliniki, na kabla sijaketi nikamwambia nimekuja kutafuta kadi ya michoro. Akanipa shikamoo, nikaitika. Kisha akauliza: "Mwalimu, inazimika au inajizima?"

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na kiambishi cha kujirejea nimekieleza kwa mifano isiyo na idadi: anajipenda, anajikuna, anajisifu. Sikuwahi kuulizwa swali la sarufi na mtu aliyeshika bisibisi. Nilipobaki kimya alinifafanulia. Mashine inayozimika imezimwa na kitu kingine: umeme umeyumba, waya umelegea, au pawa saplai imechoka. Inayojizima imekata shauri yenyewe, kwa kuwa prosesa imepata joto kupita kiasi na imejikinga isiungue. Ya kwanza huenda ikakudai kipuri kipya. Ya pili mara nyingi huponywa kwa brashi ya kupangusa vumbi na dawa ya kupitisha joto ya shilingi 5,000.

Yetu ilikuwa inajizima. Tukaifungua, na humo ndani mlikuwa na vumbi la Nyegina la kutosha kuotesha mchicha.

Sharti niseme mashine hii ilitoka wapi, maana bila hayo msomaji ataona ni ubishi mtupu kuitibu. Ni Dell OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, toleo la mwaka 2012, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Ilizaliwa kuwa kompyuta ya ofisi. Marehemu mdogo wangu aliinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika, akaigeuza kuwa ya gemu kwa nia tu, kwani hakuiongezea chochote. Alikuwa dereva wa malori. Siku chache alizokuwa nyumbani alizimaliza mbele ya kioo akiendesha lori jingine, la Euro Truck Simulator 2, na sisi tukamcheka: mtu ametoka Tunduma amechoka hoi, anaoga, anakula, kisha anashika tena usukani. Alifariki mwaka juzi. Mashine ilikuja kwangu pamoja na mwanawe, aliye kidato cha pili sasa. Kijana hasemi sana. Akiwa anaendesha lori husema, na mimi hukaa karibu nikijifanya nasahihisha madaftari.

Na humo humo ndani ndimo nilimohifadhi tungo zangu za miaka miwili.

Tulikuwa na shilingi 200,000. Kijana alitaka kadi ya michoro, nami nilikuwa nimekwisha kukubali kwa sababu ndicho kipuri chenye sifa. Fundi hakukubali. Aliendelea kutuuliza vitenzi. Ikiwashwa, inachelewa kuamka? Inachelewa, tukasema, unaweza kuchemsha chai. Hiyo ni hadidiski. Ukiwa katikati ya gemu inakwama au inaganda? Hapa kijana akajibu haraka kuliko mimi: inakwama, taa ya diski inawaka bila kupepesa, halafu inaendelea. Ingekuwa inaganda, alituambia, isingerudi mpaka uizime. Kukwama kwa namna ile ni ramu iliyojaa: mashine inakosa mahali pa kuweka mambo, inayapeleka kwenye diski iliyo nzito kama punda wa mlimani, kisha inayarudisha. Na picha zenyewe, zinaruka au zinakokota? Zinakokota. Hapo ndipo kadi ya michoro inapoingia, akasema, lakini imekuwa ya tatu katika foleni.

Nilirudi nyumbani na orodha ya vitenzi vitano. Wenzetu tunaogombana kila mwaka juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, nami nimo katika ugomvi huo, tumeacha uwanja mpana bila mwenyewe. Nomino tunaziazima na kuzitengeneza kwa jasho. Vitenzi vilikuwapo zamani, kwa mafundi, vimekwisha kunolewa.

Kipuri cha ramu kilikuwa chepesi kuchagua. Bodi hii inapokea DDR3. Ile ya DDR4 haiingii hata ukiisukuma, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine. Ilikuwamo ramu moja ya GB 4, tukaagiza ya pili inayolingana nayo, kwa shilingi 30,000. Mbili zikikaa katika nafasi zilizooana husoma na kuandika kwa pamoja, na hilo huisaidia michoro pia, maana mashine isiyo na kadi yake huazima kumbukumbu ya ramu ili ichore. SSD ya GB 240 ilikuwa shilingi 70,000.

Hapo ndipo kijana alipopata kadi. Kasha letu jembamba halipokei kadi ndefu, na pawa saplai yake ya wati 240 haina mfereji wa ziada wa kuilisha kadi yenye njaa, hivyo chaguo lilikuwa finyu. GeForce GT 1030 inafaa: ni fupi, na inatosheka na umeme wa tundu lake tu. Muuzaji mmoja wa Mwanza aliiuza shilingi 160,000. Mwingine 95,000. Kijana akafanya hesabu kwenye jalada la daftari la jiografia: SSD, ramu, dawa, nauli ya kifurushi kwenye basi 10,000, na kadi ya bei rahisi. Jumla 210,000. "Shangazi, imebaki elfu kumi tu."

Nilikuwa nimeshaanza kuitafuta hiyo elfu kumi. Kisha nikasoma maandishi madogo katika picha ya boksi. Zipo GT 1030 mbili. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine kwa jina lile lile, kumbukumbu yake ni DDR4, na inapitisha takriban GB 17. Tunajua, katika kazi yetu, kwamba neno moja huweza kubeba maana mbili, na paa la nyumba halimsumbui anayewinda paa wa porini kwa sababu muktadha humwongoza. Kadi hizi hazina muktadha. Nilimpigia muuzaji wa bei rahisi nikamuuliza yake ni ipi. Akajibu kuwa zote ni moja.

Ingechora vizuri kidogo kuliko mashine ilivyochora peke yake, sitaki kuipunja. Lakini fedha ile isingerudi tena, na usiku ule hadidiski ilianza kugonga. Mlio mkavu, mara mbili, kimya, mara mbili. Kijana alitoa mkono kwenye kipanya akanitazama. Akaniuliza kama lori la baba lingali humo.

Sikujua kuwa alikuwa amelihifadhi. Gemu ile huweka kila dereva katika faili zake, na mdogo wangu alikuwa na zake, kwa jina lake, na safari zote alizopeleka. Ni faili ndogo. Zilichukua nafasi finyu kwenye flashi kuliko picha mbili za harusi. Tulizinakili kwanza, kisha mashairi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutunga nilijali mpangilio huo kuwa wa haki.

Vifurushi vilishuka stendi ya Bweri Alhamisi. Fundi alinikumbusha kuwa Windows 11 haiipokei prosesa hii, na kwamba Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025; siku si nyingi tutahamia Linux, na hapo nitakuwa na maneno mengine ya kuuliza.

Sasa inaamka kabla sijavuta kiti. Lori la baba limesimama Calais, mzigo haujafika, na kijana hajaligusa. Amefungua dereva mpya kwa jina lake mwenyewe, akapunguza ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, akaanza na mizigo midogo. Jana usiku alisema bila kugeuka: "Shangazi, haikwami tena. Inakokota tu."

"Inakokota kila mahali?"

"Mjini. Mvua ikinyesha."

Nikaliandika hilo daftarini, chini ya zile shilingi 85,000 zilizosalia.