Uso Usio na Kinywa: Sikán katika Chapa za Belkis Ayón

Aghalabu sanaa ya kutisha hutegemea kinywa: meno ya zimwi, ukelele wa anayeuawa, damu midomoni. Katika chapa za Belkis Ayón, msanii wa Cuba aliyezaliwa Havana mwaka 1967, kinywa hakimo kabisa. Nyuso zake zina macho tu, yanayomkodolea mtazamaji. Chini yake ni ngozi tupu.

Asili ya nyuso hizo ni ngano ya Abakuá, chama cha siri cha wanaume kilichoanzishwa Cuba katika karne ya 19 na Waafrika waliopelekwa utumwani kutoka eneo la mto Cross, penye mpaka wa Nigeria na Kamerun. Yasimuliwa kwamba Sikán, binti wa mfalme, alikwenda mtoni kuteka maji, na bila ya kukusudia akamnasa mtungini Tanze, samaki mtakatifu mwenye sauti ya ajabu. Mwanamke ndiye aliyeisikia siri kwanza. Kwa ajili yake aliuawa, na chama kilichosimama juu ya siri hiyo kikawafungia wanawake mlango.

Ayón, ambaye kwa jinsia yake asingeweza kuingia humo, alimfanya Sikán kuwa mhusika wake mkuu, na akautumia mwili wake mwenyewe kuwa kielelezo. Mbinu yake ilikuwa kolografia: vipande vya karatasi hukatwa na kubandikwa juu ya kadibodi, hupakwa wino, kisha hupitishwa katika mashine ya kuchapia. Kwa weusi, weupe na kijivu, mikwaruzo ya vipande hivyo hugeuka magamba juu ya ngozi ya mwanamke. Sikán na samaki huwa mwili mmoja, kwani wote wawili walikufa kwa ajili ya sauti ileile. Katika *La cena* ya mwaka 1991, Sikán huyo anaketi kwenye karamu mahali pa Kristo.

Yaweza kudaiwa kwamba kumchora mwanamke bila ya kinywa ni kumnyamazisha mara ya pili. Dai hilo lina uzito, lakini linasahau jambo moja: katika chapa hizi hata wanaume hawana vinywa. Siri iliyomuua Sikán imewafunga pia walinzi wake. Kilichobaki kwa wote ni macho, na macho ya Sikán ni ya shahidi.

Ayón alijiua mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 32. Tangu hapo ni rahisi kuisoma kazi yake yote kuwa ni wasia wa kifo. Usomaji huo haumtendei haki: humgeuza aliyechonga ushahidi kwa zaidi ya mwongo mmoja kuwa mhanga tu, kama ngano ilivyomfanya Sikán.