Soksi Mkononi

Mteja alitaka maneno 1,500: jinsi ya kuchagua na kuvaa suti kavu ya kupiga mbizi kwenye maji baridi. Yeye yuko Uskoti. Mimi niko Roysambu, kwenye bedsita, na maji baridi zaidi niliyowahi kuingia ni ya bafu siku stima ikipotea. Nikakubali. Kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili.

Nilisoma usiku kucha. Suti ya kawaida ya wapiga mbizi huruhusu maji kidogo yaingie, mwili uyapashe joto. Suti kavu haitaki hata tone. Ina zipu isiyopitisha maji, na shingoni na mikononi kuna mpira wa lateksi au silikoni unaobana ngozi. Shingo ikilegea, maji yanaingia. Ikibana sana, unaweza kuzirai. Zipo za neopreni, nene na zenye joto kiasi. Zipo za kitambaa chembamba, nyepesi, rahisi kukauka.

Nikaandika kwamba ile nyembamba inatosha peke yake. Mhariri alinirudishia na swali moja: "Umewahi kuivaa? Mtu akikuamini hapa anaweza kufa."

Hilo lilinikaa. Mimi nimezoea kuandika juu ya vitu nisivyovijua. Ni kama kazi yangu yote.

Asubuhi nikaomba barafu kwa jirani anayeuza soda, nikaimwaga kwenye ndoo ya maji. Mkono mtupu haukumaliza dakika; mifupa iliuma. Kisha nikauingiza kwenye pakiti ya mkate, maana majuala yalipigwa marufuku 2017. Nilikuwa mkavu, lakini baridi ilikuwa ile ile. Na plastiki ilinishika kidole kwa kidole, kama inataka kuninyonya.

Ndiyo nikaelewa. Kile kitambaa chembamba kinazuia maji tu. Joto linatoka kwa nguo unazovaa ndani. Na ukishuka, maji yanakandamiza hewa iliyo ndani ya suti. Kwenye mita 10 inabaki nusu, suti inakubana, kwa hivyo unabonyeza vali ya kifuani kuongeza hewa kidogo kidogo. Ukipanda, hewa inafura tena. Usipoitoa kwa vali ya mkono wa kushoto, utaruka juu kama kizibo.

Nikavaa soksi nzito mkononi, juu yake pakiti, nikarudi kwa ndoo. Raha. Hapo ndipo simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko darasani?"

"Niko practical."

Akafurahi. Akaniambia yeye na shangazi zangu wamelipa arbuni ya leso kumi na mbili, sare, za siku ya graduation. Alitaka tarehe tu.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo iliponishinda na nikaona aibu kumwambia. Nimekuwa nikiongeza uongo kidogo kidogo, kila muhula, usinibane. Ghafla sikuwa na wa kuongeza.

"Mama, siko chuo. Niliacha."

Kimya. Nilisikia kuku wake Kilifi.

"Sasa uko wapi?"

"Nyumbani. Mkono wangu uko kwenye ndoo ya barafu. Ni kazi, naandikia mzungu."

"Toa mkono kwa maji, utashikwa na nimonia."

"Hauna baridi, mama. Nimevaa soksi."

"Soksi mkononi?" Akakata simu.

Nilirekebisha makala. Nikaandika usinunue kabla hujaijaribu ukiwa umevaa nguo zako za ndani, uchuchumae, unyooshe mikono juu. Na mara ya kwanza uivae na mwalimu, kwenye maji yaliyofungwa. Mhariri akapitisha. Kodi ikalipwa.

Mama alikaa wiki tano bila kupiga. Kisha akatuma kifurushi kwa basi: leso moja. Zile nyingine kumi na moja hajaniambia alizipeleka wapi, na mimi sijauliza.