Kina cha Mtera

Kituo cha umeme cha Kidatu, miaka ya 1980, siku ilianza kwa tarakimu moja: kina cha maji ya bwawa la Mtera. Simu ilipigwa kutoka bwawani, zaidi ya kilometa 100 juu ya mto Ruaha Mkuu, opereta wa zamu akaandika kwenye daftari, nasi wahandisi tukalisoma kabla ya kushuka kwenye mitambo. Mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, bwawa limejaa. Mita 690, ndio mwisho wa maji ya kuzalishia umeme.

Kituo chenyewe kimechimbwa ndani ya mlima. Unaingia handakini, joto la Kilombero linabaki nje, na mngurumo unakufikia kabla hujaiona mitambo minne, kila mmoja megawati 51. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1975. Humo tulipima joto la beringi, tukakagua mafuta, tukasikiliza. Walikuwapo mafundi wazee waliotambua kwa sikio beringi iliyoanza kuchoka, hata kipimo kikiwa bado kimetulia. Kwao nilijifunza mengi kuliko chuoni.

Zamu niliyoipenda ni ya jioni. Giza likiingia, Dar es Salaam wanawasha taa na majiko, lodi, yaani mzigo wa umeme, inapanda, frikwensi inaanza kulegea kutoka hezi 50, gavana, kidhibiti cha mwendo wa mtambo, inaongeza maji, na mlima mzima unabadilisha sauti. Watu wangapi huwasha taa na kujua kwamba mahali fulani mto umesikia?

Mwaka 1992 mvua zilipungua. Kina kikawa kinashuka kila asubuhi, hadi tukaamriwa kupunguza uzalishaji. Mgawo wa umeme ukaanza, ukarudi tena mwaka 1994. Nilipokwenda likizo Dar es Salaam, shangazi yangu, aliyekuwa akiuza barafu na maji baridi, alinipokea kwa swali: “Mwanangu, huko kwenu mashine zimeharibika?” Nikamjibu, “Hapana, shangazi, ni nzima zote.” Hilo ndilo lililotuuma. Tulizipaka mafuta na kuzifuta vumbi zikiwa zimesimama.

Tulizoea kulaumu mvua peke yake. Lakini katika bonde la Usangu, Ruaha Mkuu unakopata maji yake mengi, mashamba ya mpunga yalikuwa yakipanuka, na mifereji ikaendelea kuchota hata kiangazi. Kuanzia miaka hiyo mto ukawa unakatika kabisa ndani ya hifadhi ya Ruaha. Siwalaumu wakulima, walitafuta riziki, na wali wao tumeula wote. Kosa ni kuitegemeza sehemu kubwa ya umeme wa nchi kwenye mto ambao watumiaji wake hawakuwahi kukaa kikao kimoja.

Maji hayo hayo sasa yanateremka hadi Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Wahandisi vijana mlioko huko, nawaomba mpande Usangu, mwajue wakulima na wafugaji kwa sura, mkubaliane nao juu ya maji kabla kiangazi hakijaingia.