Kwa nini fishi haiingii kwenye prizi?



Chukueni kamba ya umeme ya ordinatere yoyote ya mezani iliyo katika chumba chetu cha informatike, mutazame ncha zake mbili. Ncha inayoingia nyuma ya mashine ina matundu matatu, na umbo lake ni lile lile pahali pote. Ukiitoa hapa Bunia ukaipeleka Kisangani, Kampala, Bruxelles ao Tokyo, itaingia bila shida. Lakini ncha ile ya pili, inayoingia ukutani, haina umoja. Kamba moja ina meno mawili ya mviringo, kamba jirani yake ina meno matatu ya ubapa, manene kama vidole vya mtoto. Ncha moja ni ya dunia yote, ncha nyingine ni ya kila taifa na desturi yake. Juu ya jambo hilo nataka kuandika, sababu ndilo linafunga chumba chetu tangu majuma matatu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita, sehemu ya umeme. Kila likizo ninakaa na baba mdogo kwenye meza yake karibu na soko, pahali anapotengeneza telefone na redio. Pale ndipo niliona kwamba watu wengi wanaoleta vitu "vilivyokufa" wanaleta vitu vizima. Siku moja mama mmoja anayeuza samaki wa Tchomia alileta sharjere ambayo mtoto wake alimnunulia ng'ambo ya ziwa, upande wa Ntoroko. Akasema:

"Mutoto, hii kitu iko mpya, lakini inakatala kuingia ku prizi ya nyumba."

Baba mdogo akajibu: "Mama, haiko mubaya. Iko tu ya Uganda, na prizi yako iko ya huku kwetu."

Mama akauliza: "Sasa umeme iko aina mbili?"

Watu waliokuwa pale walicheka, lakini mimi sikucheka, sababu swali lake ni la haki kabisa. Umeme si wa aina mbili. Kwetu ni volti 220, kwa Uganda ni volti 240, na pande zote mbili unageuka mara 50 kwa sekunde. Sharjere ya telefone haioni tofauti. Kinachoachana ni umbo la meno tu.

Namna gani tulifika hapo? Umeme uliingia katika kila inchi peke yake, mbele ya mataifa kuzoea kupatana. Huku kwetu nyaya za kwanza zilivutwa na Wabelgiji. Hata umeme wa Budana, unaotoka kwenye mto Shari, ulijengwa wakati wao kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto. Basi prizi zetu zikafuata desturi ya Ubelgiji na Ufaransa: matundu mawili ya mviringo, na katika zile nzuri kuna jino moja la chuma linalotokeza, ndilo la waya wa udongo, ule ambao mafundi wanauita "tere". Waingereza nao, mwaka 1947, kisha vita kuu ya pili, walitoa mapatano yao yanayoitwa BS 1363: meno matatu ya ubapa, na ndani ya fishi yenyewe kuna fuzi, yaani kawaya kadogo kanakokatika moto ukizidi. Jino la juu ni refu kuliko mengine, sababu kazi yake ni kufungua vifuniko vya matundu mengine mawili, mtoto asitie kidole pale. Ni kazi ya akili. Uganda ilirithi desturi hiyo, sisi tukarithi ile nyingine, na mpaka ukapita katikati ya prizi.

Kuna watu walijaribu kuleta umoja. Chama cha mataifa cha mapatano ya umeme, kinachoitwa IEC, kilianzishwa London mwaka 1906, na tangu 1948 makao yake ni Geneva. Mwaka 1986 kilitoa umbo moja la fishi kwa dunia yote. Waliolipokea ni Afrika Kusini, na Brazil kwa kuligeuza kidogo. Wengine walikataa, si kwa ubaya wa fishi ile, lakini kwa sababu kuta zao zilikuwa zimekwisha kujaa prizi. Nani atabomoa ukuta wake kusudi jirani apate raha? Tangu pale mimi najua kwamba mapatano yasipofanywa mapema, kisha inakuwa ghali sana kuyafanya.

Ordinatere zilizaliwa nyuma, na watengenezaji wake walipatana mapema zaidi, ijapokuwa si siku moja. Wakubwa wetu wanakumbuka mashine ambazo kila kitu kilikuwa na tundu lake: klavie tundu lake, kipanya lake, mashine ya kupiga chapa lake lenye meno 25, skrini lake lenye meno 15, ambalo IBM ilileta mwaka 1987. Mwaka 1996 kampuni 7, kati yao Intel, Microsoft, IBM na Compaq, zilitoa mapatano ya USB: tundu moja kwa vyote. Kampuni zile zilikuwa zinashindana sokoni kila siku, lakini ziliona kwamba bila tundu moja zote zinapoteza.

Hata ndani ya mashine ni vilevile. Mukifungua ordinatere mutaona kibao chembamba cha memoria chenye meno ya rangi ya dhahabu. Kile cha aina ya DDR3 kina meno 240, kile cha DDR4 kina 288, na kila kimoja kina mkato mdogo pahali pake. Mkato ule si mapambo. Waliopatana, ndio chama cha JEDEC, waliuweka pahali tofauti kusudi kibao cha aina moja kisiingie katika nafasi ya aina nyingine na kuunguza mashine. Ndiyo sababu baba mdogo anatuambia kila siku: "Ikikataa, usilazimishe. Uliza kwanza kwa nini inakataa."

Kwa telefone mambo yalikawia, lakini yanafika. Tulikuwa na sharjere ya Nokia yenye jino la sindano, kisha ikaja ile ndogo ya USB, kisha mwaka 2014 ikatolewa USB-C, inayoingia upande wowote. Umoja wa Ulaya ukatoa sheria kwamba tangu tarehe 28/12/2024 kila telefone mpya inayouzwa kwao iwe na USB-C. Hata Apple, iliyokuwa na tundu lake peke yake, ilikuwa imegeuka mwaka 2023 kwa iPhone 15. Hatukuketi katika mkutano ule wa Ulaya, lakini faida yake inafika mpaka kwenye meza ya baba mdogo: nyumba ya watu sita inaweza kuwa na sharjere moja. Lakini mujihazari, umbo moja si nguvu moja. Kuna kamba za USB-C zinazouzwa bei rahisi ambazo ndani nyaya zake ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Zinaingia vizuri, kisha zinawaka moto.

Sasa niseme jambo linalonikaa moyoni. Yale meno ya rangi ya dhahabu ni dhahabu ya kweli. Wanaipaka nyembamba sana, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa elfu ya milimita, kwa sababu dhahabu haishiki kutu, na umeme unapita bila kukwama hata kisha miaka mingi. Huku kwetu Ituri dhahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka 1903, na mpaka leo vijana wa umri wetu wanachimba Mongbwalu na pahali pengine. Dhahabu haina kabila. Ikiisha kuyeyushwa, hakuna anayejua tena ilitoka mto gani. Lakini sisi tunaotoa kitu kinachofanya meno yale yashike vizuri, tunakaa na prizi zisizoshika. Mimi naona haya. Na haya ile ni afadhali itutume kujifunza kuliko kulalamika.

Nirudi kwenye chumba chetu. Munajua kwamba ordinatere zetu zilikuja mara mbili. Za kwanza zilitoka Ulaya na fishi za mviringo. Za pili zilinunuliwa Kampala na fishi za ubapa. Prizi za ukuta ni za mviringo, tena za zamani, bila waya wa udongo. Basi tulifanya kama watu wote wa mji wanavyofanya: adaptatere juu ya adaptatere, na ralonji moja ya "prizi ya kila kitu", ile yenye matundu yanayopokea fishi yoyote. Prizi ile inapendeza, lakini inapokea kila fishi bila kushika moja vizuri, na fishi ya mviringo ya Ulaya ikiingia mule, waya wake wa udongo haugusi kitu. Na pahali ralonji ilikuwa ya Kiingereza, wengine walisukuma kijiti ao biki katika tundu la juu kusudi vifuniko vifunguke na fishi ya mviringo iingie. Watu wanaona ni ujanja. Lakini ujanja ule unafungua mlango ambao mtu mwingine aliufunga kwa kulinda maisha ya mtoto.

Wengi wenu mumesikia mashine zinauma kidogo mukigusa sanduku lake la chuma. Wengine wanasema umeme wa grupu ni mbaya. Hapana. Ndani ya ordinatere kuna kichujio kinachosukuma umeme kidogo sana kwenye waya wa udongo, na ule waya ukikosekana, umeme ule unakaa kwenye chuma na kutafuta njia nyingine. Njia ile ni mkono wako. Kwa siku ya kawaida inauma tu. Siku ambayo waya wa ndani utakatika na kugusa sanduku, haitauma tu.

Majuma matatu yaliyopita ralonji iliyeyuka jioni wakati wa mazoezi. Ilikuwa imebeba mashine 6 na fishi moja iliyolegea. Fishi ikilegea inatoa cheche, cheche zinaleta moto. Tulisikia harufu, mwenzetu mmoja akakimbia kukata umeme, na hakuna aliyeumia. Chumba kikafungwa, na ni haki kifungwe. Sasa komite ya wazazi itaketi kuamua: kutumia feza kwa chumba kile, ao kukiacha na kununua viti vya darasa la kwanza. Nimesikia wenzangu wengine wanasema ordinatere ni shida tupu, heri tuziuze.

Mimi nasema tusiuze, na sababu yangu iko katika ile kamba ya mwanzo. Kwa kuwa ncha ya nyuma ya mashine ni moja kwa dunia yote, hatuna lazima ya kufungua mashine hata moja, wala kukata fishi kwa kisu na kufunga nyaya na skochi. Tuondoe kamba zote za Kampala, tuweke pahali pake kamba zenye fishi ya mviringo ya waya wa udongo. Ni kazi ya nusu saa, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaiweza. Kwenye ukuta tuweke prizi za aina moja, zenye jino la udongo. Tupige fimbo ya shaba chini nje ya dirisha na kuiunga kwa waya. Na kwa sababu fuzi ya fishi ya Kiingereza haitakuwapo tena, laini ya chumba ipate kikata-umeme cha ampere 16. Ralonji ya kila kitu itoke kabisa. Sehemu yetu ya umeme iko tayari kufanya kazi hii bila mshahara, chini ya mwalimu wetu. Feza inayoombwa ni ya vyombo tu.

Kisha tuandike kwenye mlango: "Chumba hiki kinatumia fishi ya aina hii peke yake." Mashine yoyote itakayokuja, ya kununua ao ya zawadi, ibadilishwe kamba mbele ya kuingia. Hayo ndiyo yatakuwa mapatano yetu. Ni madogo, ni ya chumba kimoja, lakini yale makubwa ya Geneva nayo yalianza na watu wachache mezani.

Nawaomba wazazi wa komite wakija waulize kwanza waone ile ralonji. Tumeiweka kwenye kabati ya labo, haikutupwa. Na anayeona kwamba nimekosea hesabu ao mawazo, aandike katika namba inayokuja, nitafurahi kumsoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, sehemu ya umeme